Wiki Ile Benki Nyingine Zilipotukataa

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha uani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umesimama, na goti lililokulaza mwezi uliopita sasa linakubali ngazi za hapo kazini kwako. Mkaza mjomba naye hajambo? Sisi huku tu wazima. Mama shinikizo la damu lilimpanda kidogo, sasa limeshuka. Aliyelipandisha ni mimi, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Kabla hujaingiwa na hofu: akiba yako ya nyumba ipo yote, haijapungua hata senti. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana kuna jambo nililokuficha.

Unajua chuoni nasoma jinsi benki zinavyofanya kazi katika nchi mbalimbali, na tasnifu yangu inahusu namna zinavyokopeshana zenyewe kwa zenyewe. Watu wengi hudhani fedha zao zimelala kabatini. Hazilali, zimekopeshwa kwa wenye maduka, wajenzi, wakulima. Benki ikipungukiwa asubuhi, huazima kwa wenzake na kurudisha kesho yake. Nimesoma visa vya benki zilizoanguka katika nchi tajiri na nchi maskini, na nyingi hazikuuawa na wezi. Ziliuawa na wenzao kuacha kuziamini.

Nilipelekwa kujifunza kazi katika benki ile ile uliyoweka akiba, ghorofa ya pili, chini ya mzee mmoja tuliyemwita Kamusi, kwa kuwa hakuna alichoulizwa akakosa jibu. Kazi yake ilikuwa kupigia benki nyingine simu kila asubuhi kuomba kuazima. Jumanne ya wiki ile alipiga tatu, zote akakataliwa kwa adabu. Jumatano akapiga saba. Wengine hawakupokea kabisa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akanigeukia.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee."

"Basi hukuona."

Siku yangu ya kwanza pale nilikuwa nimetia saini kiapo cha kutunza siri. Nikaendelea kujaza majedwali.

Jioni hiyo hiyo ndipo ulipopiga simu. Ukaniuliza kwa mzaha, kama kawaida yako, "Meneja wangu, pesa zangu hapo kwenu zinalala pazuri?" Nikacheka. Nikakwambia, "Shwari tu, Mjomba." Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kukwambia uniulize habari za chuo. Nilikudanganya.

Alhamisi mama angeweza kutoa kila kitu kwa dakika kumi, maana idhini ya kuwalipa mafundi ulimpa yeye. Hakuna aliyemwambia.

Ijumaa uvumi ukatoka, sijui kwa mdomo wa nani. Kufika saa nne asubuhi foleni ilikuwa imekata kona mpaka kwa fundi saa. Nilitumwa chini kugawa fomu, nikamkuta mama katikati ya watu, kitabu chako cha akiba kakibana kwapani.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "nirudi nyumbani, au nipambane nifike dirishani?"

Beji ya benki ilikuwa shingoni mwangu. Watu kama ishirini waligeuka kututazama. Nilijua nikitikisa kichwa tu, mlango utavunjwa.

"Mama, siwezi kukujibu."

Aliniangalia kama karani asiyemfahamu. "Haya. Nipe fomu."

Saa nane mchana mlinzi alifunga mlango. Mbele ya mama walikuwa wamebaki watu kumi na mmoja.

Siku tisa benki haikufunguliwa. Mama alinipakulia chakula bila neno. Nikimwamkia, ananiitikia kwa kichwa. Fundi wako wa paa alikuja mara mbili kuulizia mabati, akaondoka mikono mitupu. Mimi nilijifungia na vitabu vyangu, nikitafuta ni wapi wenye akiba walilipwa na ni wapi waliachwa solemba. Nilikuta yote mawili. Hakuna ukurasa ulionipa usingizi.

Siku ya kumi Benki Kuu ikatangaza kwamba benki nyingine kubwa imeinunua ile yetu, na akiba zote imezibeba. Jumatatu iliyopita mama aliingia, akatoka na kitabu kipya chenye salio lile lile. Kamusi hakubakizwa. Nilipishana naye ngazini na boksi lake la makaratasi. "Mdomo uliufunga vizuri," akaniambia. Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananisifu.

Mhadhiri wangu anataka niyaandike haya kwenye tasnifu. Nimemwambia angoje.

Jana ndipo mama alipofungua kinywa. "Kiapo ulikishika, sawa. Lakini kaka yangu hukumwambia kuwa hujui, ulimwambia shwari. Mwandikie mwenyewe. Mimi sikusemei."

Ndiyo haya, Mjomba. Kwa kunyamaza siombi radhi, maana nikiikumbuka ile foleni sioni ningefanya nini kingine. Kwa uongo naomba radhi. Ukitaka akiba ihamishwe, mwagize mama, usiniagize mimi. Na kama una maneno makali, yaandike yote bila kunionea huruma. Nitayasoma mwenyewe, kwa sauti, mezani, mama akisikiliza.

Msalimie sana mkaza mjomba, na mapacha uwaambie dada yao anawakumbuka. Bibi anakuombea heri na maisha marefu. Mungu akufunike huko uliko.

Wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Mpwa wako.