Avokado ya Kupita kwenye Mrija

Jumanne jioni

Hii ni wiki ya tatu tangu mume wangu, Baba Akinyi, aanguke mjengoni, na taya lake bado limefungwa kwa waya. Uji peke yake unammaliza. Leo suruali ilikataa kukaa kiunoni.

Mama mboga wetu hapa Mashimoni aliniambia, "Mpe avokado, ina mafuta na nguvu." Nikachagua moja laini, nikaiponda kwa uma, nikachanganya na maziwa vuguvugu na kuchuja kwa kichujio cha chai.

Kumbe bado ilikuwa nzito. Alivuta kwa mrija, ikamkwama kooni. Akakohoa huku meno yamefungwa, macho yamemtoka. Nikashika koleo la kukata waya tulilopewa hospitalini la kutumia akikabwa. Nilidhani namuua kwa mkono wangu.

Kisha ikashuka. Akasukuma kikombe, akasema katikati ya meno, "Mama Akinyi, mimi si mtoto. Wacha."

Nililia kidogo kando ya jiko, halafu nikaongeza maziwa, nikachuja tena mara mbili. Nikakiacha kikombe mezani, nikatoka kuchota maji, maana hawezi kunywa nikimwangalia.

Niliporudi kilikuwa kitupu. Yeye alikuwa amegeukia ukuta.

"Kesho weka chumvi kidogo," akasema.

Nikaitikia tu. Sijui kama mwili wake utarudi. Lakini tangu aanguke, sikuwa nimemsikia akitaja kesho.