Mume wangu anashinda kwenye barabara isiyokuwepo duniani

(Majina yote yamebadilishwa.)

Shangazi Clotilda, shikamoo.

Kwanza nisamehe kwa kuchelewa, maana barua hii nilitakiwa kuiandika tangu wiki ile baada ya Pasaka, na karatasi nilishanunua, ila kila nikikaa mtoto anaamka au naona aibu, na aibu ndiyo iliyonichelewesha zaidi, mtoto nisimsingizie. Nimebakiwa na siku chache, kosa ni langu, na sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na nne, shule niliishia kidato cha pili, kwetu ni Kasulo wilaya ya Ngara, nimeolewa huku Nyamigogo, Biharamulo, na mwanaume wa Kisukuma anaitwa Luhende, tuna binti mmoja, Irine, bado ananyonya. Luhende alikuwa dereva wa lori la mizigo ya Kigali, na utingo wake alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, Juvenali, na mimi ndiye niliyemwombea hiyo kazi, nilimwambia Luhende mchukue huyu, anakaa tu Benako anapiga soga na madereva. Mwezi wa tisa mwaka jana wakiwa wanashuka kwenda Rusumo, kwenye daraja la mpakani na Rwanda, gari likakataa breki, likaacha barabara, Juvenali akafa palepale, Luhende akavunjika mguu akawekewa vyuma, na siku tunazika yeye yuko hospitali hajui hata leo ni siku gani.

Sasa Shangazi, kwetu nyumbani, sijui kwa wengine, aliyekuwa na marehemu dakika za mwisho ndiye anayesimama mbele ya wafiwa na kueleza mwanzo hadi mwisho, kama aliomba maji useme, kama alitukana useme, ndipo watu wanalia kwa mara ya mwisho na msiba unafungwa. Mtu wetu wa kueleza alikuwa hospitali. Kwa hiyo msiba wa Juvenali uko wazi mpaka leo, mama yangu bado analala chini, na nguo za mdogo wangu zimefungwa kwenye begi hakuna wa kuzigawa.

Luhende aliporudi nyumbani alikuwa haongei. Mwezi wa kwanza rafiki yake Bulugu, dereva mwenzake, akamletea mashine ya gemu, akaifunga kwenye televisheni yetu akasema, "Shemeji, huyu asipopata usukani atachanganyikiwa. Mwache aendeshe humu humu." Ni gemu la mashindano ya magari, ila si lile la watoto la magari kuruka angani, hili gari ukilikatisha kona vibaya linayumba, breki ukizikanyaga sana zinachoka, mpaka mlio wake Irine akiusikia anageuka kutazama mlangoni. Luhende akinywa uji anakaa hapo mpaka jua la saa sita, na kila siku njia ni moja, mteremko mrefu wenye misitu, chini mto unaanguka kwenye mawe, halafu daraja. Kabla ya daraja kuna kona ya kushoto, na kwenye kona hiyo gari lake linatoka nje ya barabara, linazama kwenye changarawe, linasimama. Anatulia na pedi yake mkononi kama mtu anayesikiliza redio iliyozimwa, kisha anaanza tena kule juu. Mimi nilikuwa napita na ndoo nikiangalia hivyo moyo unakufa, nikasema mume wangu yuko Rusumo.

Baada ya Pasaka nikaenda Kasulo kumsaidia mama kupalilia, na mama akaniuliza, "Mumeo anashinda anafanya nini?"

Nikasema, "Anashuka Rusumo."

"Anashuka vipi na mguu ule?"

"Kwenye televisheni, mama. Mteremko ule ule, mto ule ule, daraja lile lile. Na kila siku anaacha barabara palepale."

Baba yangu, mzee Ndikuriyo, alikuwa nyuma yetu anakaza mpini wa jembe. Akasema, "Hebu rudia hapo." Nikarudia, Shangazi, na nilirudia vizuri, sikupunguza kitu. Baba akaweka jembe chini. "Kumbe anapajua alipokosea! Sisi tunaambiwa breki, breki. Kama gari ndilo lililokosa, yeye anajifunza njia ya nini?" Mama akajaribu kumtuliza, akamwambia, "Baba Juvenali, ngoja kwanza," na baba akasema ameshangoja sana. Akapanga msiba ufungwe Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, Luhende aje aseme mbele ya watu kwa mdomo wake kwamba alikosea, na asipokuja mimi nibebe mtoto nirudi nyumbani, kwa sababu baba hawezi kumwita mkwe mtu anayemficha kifo cha mwanawe.

Nilirudi Nyamigogo nikamwambia Luhende tarehe tu, hayo mengine sikumwambia. Akasema, "Sawa." Akaendelea kushuka.

Mwezi wa sita Bulugu akapita kutusalimia, na mimi nilikuwa nimechoka, mtoto anaota meno, nikamwambia shemeji chukua mashine yako, kila siku Rusumo, Rusumo, mimi nimechoka na Rusumo. Bulugu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Rusumo gani, shemeji? Nani akae achore Rusumo na foleni zetu zile za forodha?" Akanivuta mbele ya televisheni akanionyesha orodha ya barabara, za kweli kila moja ina bendera ya nchi yake pembeni, na hii ya Luhende haina bendera.

Nikamuuliza, "Ina maana haiko Tanzania?"

"Haiko duniani, shemeji! Mlima wamechora, mto wamechora, hata wale watu wanaopunga mikono pale darajani hawajawahi kuzaliwa."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nawaza baba yangu na jembe lake, kwamba nilimpa ushahidi juu ya mahali ambapo hapapo.

Bulugu alipoondoka nikamuuliza Luhende, humu kuna barabara za nchi zote, kwa nini unashinda kwenye ambayo haipo? Akaweka pedi chini, akaongea kuliko alivyoongea tangu atoke hospitali. Akasema, "Gari la humu ni la kweli, mama Irine. Uzito unakusukuma kama wa kweli, breki zinakuishia kama za kweli. Ila barabara za kweli zimefuata mlima, zimekwepa mto, zimekwepa shamba la mtu, dereva hakuulizwa. Hii aliyeichora alikaa akamfikiria dereva. Kona moja inakuandaa kwa kona inayofuata. Na pale chini alijua kuna siku mtu atafika bila breki, akamwachia changarawe pana. Unaingia, unasimama, basi."

Nikasema, "Kwa hiyo pale huwa hukosei?"

"Naachia breki makusudi." Kisha akasema, "Za kweli zote zina watu wao waliofia humo. Hii haina mtu."

Nikadhani amemaliza. Akaniambia bila kunitazama kwamba siku ile upepo wa breki ulipoisha yeye ndiye aliyemwambia Juvenali aruke. Alimpigia kelele, ruka, na mdogo wangu akatii, akaruka, gari likapinduka upande ule ule aliorukia. "Angebaki na mimi ndani angekuwa hai. Niambie nitasimamaje mbele ya baba yako niseme hilo."

Nikaenda kuanua nguo, na nguo zenyewe zilikuwa mbichi. Namhurumia mume wangu na ninamlilia mdogo wangu kwa macho haya haya mawili, nikimsogelea mmoja naona nimemwacha mwingine. Nikimsahihisha baba atauliza, haya, ukweli ni upi, na nikinyamaza Luhende anakwenda kukaa mbele ya watu walioshamhukumu kwa maneno yangu. Na nikibeba mtoto nitarudi kukaa kwenye nyumba ambayo kila mtu anamchukia baba wa mtoto huyo.

Ukitaka kuichapa gazetini chapa, ila badilisha majina. Usinijibu kwa simu, tunatumia moja. Ninachohitaji unitumie ni hiki: jibu kabla ya hiyo Jumamosi, kwenye bahasha yenye jina la Bulugu, yeye atanifikishia. Maneno hasa ya kumwambia baba, uyaandike kama nitakavyoyatamka, maana nikianza mwenyewe nitalia. Maneno ya Luhende pia, kama unaona asimame. Na jina la mahali anapopokelewa mtu mwenye mawazo kama yake, pawe huku huku Biharamulo au Ngara. Maombi usitume, nimeshaombewa na wengi.

Mama Irine,
Nyamigogo


JIBU LA SHANGAZI CLOTILDA

Marahaba, mama Irine. Bahasha yako imeshaondoka, haya ninayachapa kwa ajili ya wengine.

Pole kwa Juvenali. Nasema pole kwanza kwa sababu nimesoma barua yako yote na hakuna mahali umejililia wewe. Umeniandikia juu ya mama, baba, mume na mtoto, na kati yao ukapenyeza kwamba wewe ndiye uliyemwombea marehemu kazi, ukapita haraka. Nimeliona. Ulimtafutia mdogo wako kazi ya halali. Hilo liache hapo, usilibebe kwenda nalo Kasulo.

Sasa nikugombeze. Kuona mlima na mto kwenye televisheni ukasema ni Rusumo, hilo ni kosa la mtu yeyote mwenye majonzi, na mimi ningeweza kulifanya. Kosa lako ni la mwezi wa sita. Bulugu alipokufungua macho, ulitakiwa upande gari kesho yake uende kwa baba yako. Badala yake umemwacha mzee anamchukia mkwe wake kwa kitu ambacho wewe unajua si kweli. Hiyo aibu unayoitaja imewagharimu wanaume wawili.

Mashine usiizime wala usimrudishie mwenyewe. Mumeo amepata mahali pamoja ambapo breki zikikataa mtu anasimama salama, na mtu aliyetoka kwenye ajali ile anapahitaji. Anachokifuata kule nakielewa vizuri kuliko ninavyomwelewa baba yako. Ila changarawe ya kuchorwa haiwezi kufunga msiba. Kule hakuna aliyekufa, kweli, na kwa hiyo kule hakuna wa kumzika. Mweleze hivyo hivyo, mchana, ukiwa umekaa naye, si ukiwa unapita na ndoo.

Na umwambie jambo ambalo inaelekea hajaliona mwenyewe. Dereva anayemwambia mwenzake aruke na yeye akabaki ameshika usukani ameshajihesabu kuwa ni wa kufa. Alimtoa Juvenali nje kwanza. Kilichofuata hakikuwa mikononi mwake. Sisemi hili litamponya, nasema ni kweli, na anastahili kulisikia kutoka kwa dada wa marehemu.

Alhamisi kabla ya msiba nenda Kasulo na mtoto wako. Mama yako awepo, wengine hapana. Maneno ni haya: "Baba, shikamoo. Baada ya Pasaka nilikwambia Luhende anashuka Rusumo kwenye televisheni. Nilikosea. Ile ni barabara ya kuchorwa, haipo popote. Hakuwahi kuniambia kwamba alikosea njia. Aliyoyaona siku ile atayasema mwenyewe Jumamosi, na ninakuomba umsikilize mpaka amalize." Ukifika hapo nyamaza. Akikuuliza Luhende atasema nini, mjibu kwamba hayo si yako kuyasema. Habari ya kuruka usiiguse hata mama yako akikubembeleza. Ni ya aliyekuwepo.

Maneno ya Luhende sikutumii. Umeniomba na nimekataa, kwa sababu nikimwandikia mimi atasimama kusoma, na baba yako hakumwita msomaji. Nitampa mahali pa kuanzia tu: asianzie mteremkoni, aanzie asubuhi. Juvenali alikunywa chai wapi, alikuwa anamtania nani, alivaa nini. Mzazi anataka siku nzima ya mwanawe. Bulugu afuatane naye, akae karibu, maana watakaouliza habari za breki ni wengi na yeye anazijua.

Kuhusu matibabu, nendeni hospitali ya wilaya, mkaulize anayeshughulikia afya ya akili, na msione haya kulitaja neno hilo dirishani. Nendeni wiki ile ile baada ya msiba, hata kama Luhende ataonekana amepata nafuu.

Siwezi kukuahidi kwamba baba yako atamsamehe. Huenda akainuka na kuingia ndani. Yakiwa hivyo, wewe rudi Nyamigogo na mumeo na mtoto wenu siku ile ile. Ndoa haivunjwi na hasira za siku ya msiba, na kwenda kwa baba yako Alhamisi ndiyo ilikuwa kazi yako, utakuwa umeshaimaliza.

Jumamosi keti mahali Luhende anapoweza kukuona. Mguu ukimsumbua aeleze akiwa amekaa, hakuna atakayemlaumu. Na atakapofika kwenye lile neno alilompigia kelele mdogo wako, atakwama. Mwache akwame. Watu wote uani watakutazama wewe kwa sababu wewe ni wa pande zote mbili, na utatamani kumsaidia. Usimmalizie. Mngojee mpaka aliseme mwenyewe.