Usimwamshe Mama

Segerea, Dar es Salaam

Dada Anna,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta u mzima, na mama ameamka angalau na nguvu za kunywa uji. Mimi sijambo. Nimeandika badala ya kupiga kwa kuwa simu yako ikiita tu, mama hutega sikio kutoka kitandani.

Wiki hii nimekosea kazini. Wodini kwetu, kwa wagonjwa wa saratani, yupo mwalimu mstaafu anayewekewa dripu kama zile za mama. Kila asubuhi namwamkia, "Shikamoo Mwalimu, umeamkaje?" Naye hunijibu, "Marahaba mwanangu, salama tu." Naandika kwenye faili: hana malalamiko. Bintiye humnung'unikia kwamba amekuwa mvivu, hata nywele hachani, nami kimoyomoyo nilimuunga mkono.

Juzi Sista Mwajuma, mkuu wetu wa wodi, alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Mwalimu, leo umeoga mwenyewe?"

"Nimeoga."

"Umepumzika mara ngapi?"

Mwalimu alitazama mikono yake. "Mara tatu. Nikishapaka sabuni mkono mmoja, nakaa."

"Na ukilala, ukiamka uchovu unakuwa umepungua?"

"Haupungui, sista. Ila hamjawahi kuniuliza. Mnanisalimia tu."

Tulimpima damu, ilikuwa imeshuka sana. "Salamu siyo kipimo, wewe," Sista aliniambia kwenye korido. "Nani kwenu anaitikia shikamoo kwa kusema hajiwezi?" Sikulia. Nilienda kubadilisha mashuka ya kitanda cha nane. Siku hizi silii, dada, na hilo nalo linanitia hofu kidogo.

Sasa mama. Uliponiuliza mbona hatoki kitandani ilhali tiba imekwisha, nilikujibu umwamshe saa kumi na mbili asubuhi, umpe mahindi apukuchue, asije akazoea kulala. Nilisema kama muuguzi, nawe ukaniamini. Acha. Usimuulize anaendeleaje. Muulize jana alifanya nini, alikaa mara ngapi, usingizi unamsaidia au la. Mpeleke wampime damu. Akiweza atembee kidogo uani, asilazimishwe.

Msalimie shemeji, na mjomba mchungaji mwambie namshukuru kwa maombi. Mama usimsomee barua yote. Mwambie tu kwamba habari ya kumwamsha saa kumi na mbili haikuwa yako, ilikuwa yangu. Muda wote huu amekununia wewe bure.

Mdogo wako,
Neema