Bega la Kushoto

Bi Somoe,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sijazoea kuanza kusema na wewe bila shikamoo, na leo nina maneno mengi.

Arobaini yako imepita. Msimu wa korosho umeisha, harusi zimeanza, na mlango wetu hapa Rahaleo haufungwi. Wanatoka Mpapura, wanatoka Mahurunga kwenu, wote wanataka gauni la bega la Somoe. Nawaambia karibuni, kaeni, kisha naenda uani kulia, maana hukuacha hata mchoro mmoja. Miaka yote ile unashona. Mafundi wa Dar wanakuja kukupiga picha, magauni yako yanapanda majukwaani mpaka Nairobi, na ukiulizwa unakataje unajibu, "Macho yangu ndiyo futi." Haya, macho umeondoka nayo. Mimi nitumie ya nani?

Hao wengine wangesubiri. Lakini Zuhura, mwanao, anaolewa Jumamosi, na satini yake ulimnunulia mwenyewe kabla hujalazwa. Nikikosea hakuna nyingine. Kila asubuhi ananiuliza, "Dada Anjela, umeshakata?" Siku tatu nimemdanganya kwamba mkasi uko kwa mnoaji.

Jana nikaona sasa basi. Nikachukua gauni lako la kijani, lile la kwanza, ulilovaa kwenye sherehe ya wilaya, wake wa wakubwa wakakuzunguka wakiuliza limeshonwa wapi. Nikalifumua. Nisamehe. Nilikata uzi mmoja mmoja kwa wembe, mpaka mabega yakafunguka.

Wewe mwanamke, wewe. Bega la kushoto umelikata chini kuliko la kulia kwa vidole viwili, ukalifunika kwa marinda. Ndipo nikakumbuka uliwahi kuniambia ulianguka kutoka juu ya mkorosho ukiwa mtoto, mfupa ukaunga vibaya. Kumbe mtindo wenyewe ni bega lako. Nchi nzima inavaa mfupa wako uliovunjika. Hapa mjini kuna wanawake wenye mabega yaliyonyooka kabisa, wanatembea wameinamia kushoto ili gauni likae. Na mimi, miaka tisa, kila nikikata sawasawa unanirushia kitambaa: "Mkono wako hauna jicho." Mkono wangu haukuwa na tabu yoyote, Bi Somoe. Ungeniambia tu. Ningekucheka siku moja, yakaisha. Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula, na bado natamani uingie hapo mlangoni unigombeze.

Leo nimempima Zuhura. Mabega yake yako sawa, yote mawili. Nikimkatia la kwako litamvuta mbele ya watu. Nikimkatia lililonyooka, mji mzima utasema Anjela ameharibu kazi ya marehemu. Nikamwita, nikamtandikia vile vipande vya kijani mezani, nikamweleza yote. Alilia kidogo, akacheka, akapitisha kiganja chake juu ya lile bega lililoshuka.

"Kata la mama," akasema. "Nitainama."

Nimekata.

Mungu akurehemu, mwalimu wangu. Lala. Nakuahidi kitu kimoja, ukipenda usipende: yeyote atakayekuja kujifunza kwangu, nitamweleza siku ya kwanza kwa nini tunakata hivi.

Mwanafunzi wako,
Anjela