Uduvi Ndani ya Jiwe

Baba,

Nakuandikia nikiwa ofisini Malaba, madereva wa malori wakigonga dirisha kuulizia hati zao. Lile jiwe lako limo kwenye droo yangu, limefungwa kwa leso ya Mama. Mama mwenyewe hayupo tena nyumbani.

Ilikuwa siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi yako, tulipoketi kugawana vitu vyako. Baba mdogo akaliinua jiwe wote walione. "Angalieni mdudu. Hii ndiyo ilikula mwalimu tumbo. Na nani alikuwa anaipanguza kila asubuhi?"

Wote wakamgeukia Mama.

Unanijua, Baba. Nilitaka kusema ulivyowafundisha watoto wa Nambale: kwamba huyu ni Tealliocaris, mnyama mdogo kama uduvi, aliyetoweka kabla dinosaria hawajakuwepo, kwamba jiwe uliletewa na rafiki yako wa chuo kutoka Skotlandi. Maneno yakakwama. Basi nikaenda kwenye ungo wa Mama, nikachukua uduvi mkavu, wale anaowachambua kwenye dagaa wa omena na kuwatupia kuku. Nikamlaza kando ya jiwe, mkia kwa mkia.

Shangazi akaangua kicheko. "Kumbe ni ochong'a! Wazee wazima mnaogopa chakula ya kuku!"

Hata Mama alitabasamu. Mara ya kwanza tangu tukuzike.

Baba mdogo hakucheka. "Sawa, karani. Sasa tuambie, nani aliiweka ndani ya jiwe?"

Jibu nililijua. Matope, Baba. Matope na muda. Nililijua, nikatazama chini.

Wakaamua jiwe litupwe mtoni na Mama arudi kwao Sio Port. Mama alilificha kwenye leso, akanikabidhi akiondoka. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Mlango wako sasa una kufuli ya Baba mdogo, na akinipigia simu naiacha iite mpaka inyamaze.

Ulizoea kuweka kidole juu ya yule mnyama na kusema, "Huyu hana mtoto wala mjukuu. Ukoo wao wote uliisha. Hana wa kumsemea."

Wewe unaye, hata kama ni mimi.

Watakutana tena kuweka msalaba kaburini kwako. Nitakuja na Mama, nitakuja na jiwe. Nitatetemeka, Baba, lakini swali lile nitalijibu.

Pumzika.

Mwanao