Tangawizi Uliyonitumia

Mama yangu mpendwa, shikamoo. Soma bila hofu. Sijalazwa wala sijafukuzwa kazi. Ninaandika kwa sababu daktari amenikataza kuongea mpaka koo lipone, na nikikaa kimya tu utapanda basi kunifuata huku Dodoma. Baba mguu wake unaendeleaje? Mahindi mmeshayaingiza ndani, au bado yako shambani?

Kazi yangu unaijua. Napanda juu ya meza mnadani, nanadi mitumba ya tajiri wangu tangu asubuhi. Mtaji wangu ni sauti. Ulipoisikia imekauka kwenye simu, ukanitumia kwa basi ule mfuko wa tangawizi na pilipili kichaa, ukasema nichemshe nitie na limau. Nilikutii, mama. Nikanywa asubuhi na mchana, na usiku nikashushia nyama choma. Sauti ikazidi kukwaruza. Kifua kikawaka moto hadi mgongoni, na maji machungu yakawa yananipanda kooni kila nikiinama kuokota shati. Nikajua ni moyo. Tajiri naye akaanza kumjaribu mnadi mwingine mwenye spika, nami nikaona kazi inaniponyoka.

Hospitali wakapima moyo, wakaukuta mzima. Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniuliza nakula saa ngapi na nalala saa ngapi. Nikamwambia nakula nikirudi usiku, nashushia tangawizi yako, na nikishiba najitupa kitandani. Akauliza kama chakula kinakwama nikimeza, kama natapika damu, kama nimekonda. Nikasema hapana.

"Kosa si la koo lako," akasema. "Hicho ni kiungulia. Ukilala, asidi inapanda kutoka tumboni inakuunguza. Na tangawizi hiyo inachochea moto."

Usinune, mama. Mfuko nimeutunza, nitawapikia wageni pilau.

Sasa nameza omeprazole, kidonge cha kupunguza asidi, asubuhi kabla ya chai. Pilipili, limau na soda nimeacha, na chakula cha jioni nakula mapema, tena kidogo. Kitanda nimekiinua kwa matofali upande wa kichwani, kimekaa kama lori linalopanda kutoka bonde la Rukwa. Majirani wanacheka, na wacheke. Kifua kimetulia. Jana nilijaribu kunadi suruali moja peke yangu chumbani, sauti ikatoka safi, daktari asijue. Tajiri amesema meza bado ni yangu.

Lakini siandiki kwa ajili ya koo langu. Daktari alipokuwa akinieleza, nilikuwa nakuona wewe. Kile kikohozi chako ukilala, na vile vipande vya magadi unavyomung'unya ukisema kifua kinachoma. Sisi tulisema ni moshi. Mbona jiko lilihamia nje na kikohozi kikabaki ndani? Wewe ndiye unayekula mwisho nyumba nzima. Unampakulia baba, wajukuu, hata mgeni aliyekuwa anapita tu, na ukiulizwa unajibu, "Nitakula nyie mkishiba." Halafu unakwangua sufuria na kwenda kulala. Inaniuma sana, mama, kwamba tulikuwa tunashiba na wewe unaungua.

Kaka Deo ameniambia kwamba siku hizi tonge la ugali wa ulezi unalisukuma kwa maji ndipo lishuke. Nilimwandikia daktari hilo kwenye karatasi, akasema ni la kuwahi kupimwa, si la kusubiri. Kwa hiyo wiki hii kaka atakupeleka hospitali Sumbawanga mjini. Waambie yote, na la tonge usilifiche. Usimeze vidonge kwa kusikia habari zangu, wakupime kwanza. Mimi sina wasiwasi, maana safari hii tunajua tunatafuta nini.

Mpe baba shikamoo yangu. Msalimie shangazi wa kule Mwazye aliyenifundisha kupiga kelele sokoni. Shemeji Sabina, mke wa kaka, ndiye nampa kazi: chakula cha mama kipakuliwe cha kwanza, jua halijazama. Baba akiguna, aambiwe ni mimi niliyeagiza.

Koo likifunguliwa nitakupigia simu jioni, kabla giza halijaingia. Sitauliza hujambo, nitauliza umekula. Nataka unijibu mdomo ukiwa umejaa.

Mwanao mnadi, niliyenyamazishwa kwa sasa,
Kalisto