Shina Ndani ya Kopo

Kasulu, Novemba, mwaka wa hamsini na tatu tangu nivuke mpaka wa Manyovu kutoka Burundi.

Neema mjukuu wangu,

Huku hatujambo, mama yako amemaliza kupanda maharage. Umeuliza kwa nini mwanzi wako wa bahati unageuka njano kwenye glasi. Uondoe juani, uutilie maji ya mvua. Huo si mwanzi hasa. Ni ndugu wa ule mmea tunaopanda mipakani na makaburini.

Jirani yetu wa kwanza hapa, Yohana, alipanda mmoja kati ya shamba lake na la kaka yake. Nilimwonea wivu mpaka salamu zake zikawa zinanichoma: yeye alikuwa na mpaka wa kugombania. Nikakata shina, nikalitia kwenye kopo la maji, lingoje shamba la baba yangu kule kwetu. Bibi yako alinicheka: "Baba Ana, shamba lako ndilo hilo kopo?" Majani yalipogeuka njano nililaumu maji, na jicho langu likabaki kwa Yohana. Bibi yako akalichukua lile shina, akalipanda mlangoni. "Limechoka kusubiri," akasema.

Alipofariki tulikata tawi la mmea huo, tukalisimika kaburini kwake. Limeshika. Mimi sitarudi Burundi.

Babu yako